Aliyemshtaki Mama Kenchi

Kuanzia sasa, ilitangaza Mamlaka ya Leseni za Ujenzi, hakuna kitakachofichika. Mwananchi yeyote, popote alipo, saa yoyote na bila malipo, atafungua tovuti, ataandika jina la mkandarasi, na ataona mwenyewe kama leseni yake iko hai na kama bima ya fidia kwa wafanyakazi wake imehuishwa. Kijani maana yake yote yamo. Nyekundu maana yake usimsogelee. Tangazo lilisomwa na kiongozi aliyevaa kofia ngumu nyeupe ndani ya ukumbi wenye dari ya jasi, mahali ambapo hatari pekee iliyomkabili ilikuwa hotuba ya aliyemfuata. Lilimalizika kwa maneno ambayo baadaye yalibandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya Mamlaka: Ukweli sasa uko kiganjani mwako.

Mama Kenchi alilisikia tangazo hilo redioni, karakanani kwake, akiwa anapanga mbao, akapiga makofi. Alikuwa peke yake, kwa hiyo makofi hayo hayakuingia kwenye taarifa ya mapokezi ya wananchi. Lakini yalikuwa ya dhati. Alikuwa na kisa cha zamani na watu wanaosema wana bima.

Kisa chenyewe ni cha mume wake. Marehemu alikuwa fundi wa kupaua, na siku aliyoteleza kutoka juu ya ghorofa ya watu, mwajiri wake alikuwa na gari lililoandikwa ubavuni kwa rangi ya bluu: WAFANYAKAZI WETU WANA BIMA. Maandishi yalikuwa mazuri. Kilichokosekana ni bima. Mwajiri alikuja hospitalini na machungwa, akasema pole, akasema pole tena mlangoni, na gari lile halikuonekana tena mtaani. Mume akaishi miaka mingine kitandani karibu na dirisha, miguu haifanyi kazi, akilitazama paa la jirani na kulikosoa. Kwa kuwa mikono ilikuwa mizima, alimchorea mkewe kenchi za mapaa, zile fremu za mbao zinazobeba bati, nyuma ya maboksi ya dawa. Mke akazikata uani, akazinyanyua mbele ya dirisha, akagombezwa, akazikata upya. Ndivyo alivyojifunza kazi. Siku mume alipozikwa, mke alikuwa tayari anaitwa Mama Kenchi, na hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kuitwa vingine.

Alipoandikisha kampuni yake mwenyewe, kitu cha kwanza alichonunua hakikuwa gari wala msumeno wa umeme. Kilikuwa bima ya fidia. Baada ya hapo akaweka sharti lake. Kila asubuhi, kabla fundi hajatia mguu kwenye ngazi, alisimama mbele yake akaulizwa: "Nani anakusubiri nyumbani?" Hakuna kupanda bila jibu. Mafundi walizoea, na kama wafanyavyo watu wanaoogopa jambo moja kila siku, wakaligeuza mzaha.

"Mwenye nyumba," alijibu siku zote Babu Misumari, mkongwe wao, ambaye alikuwa na misumari mdomoni hata wakati wa kusalimia. "Ananisubiri mlangoni kabisa."

Aliyepata taabu na swali hilo ni Paka. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wa juu, anayetembea kwenye mgongo wa paa kama mwingine anavyotembea sebuleni kwake akitafuta viatu. Lakini pia alikuwa mkwe wa Mama Kenchi, mume wa binti yake wa pekee, na mtu hasimami mbele ya mama mkwe akaanza kumtajia mke. Kwa hiyo kila asubuhi Paka aliinamisha kichwa akasema, "Kuna mtu, mama." Na mama mkwe, macho yake pembeni, akasema, "Haya baba, panda." Hawakuwahi kupaziana sauti. Maagizo ya kazi yalipitia kwa Babu Misumari, aliyeyageuza kuwa matusi ili yafike juu.

Mwaka ambao tovuti ilifunguliwa, Mama Kenchi alikuwa na kazi ya kuezeka zahanati. Paa la zamani lilishafumuliwa, kenchi mpya zimesimama, mabati yamelala chini, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande ule ambao mafundi hawapendi kuyaona. Bima yake ilikuwa inafika mwisho. Alikuwa ameomba kuihuisha mapema, kwa mtandao, kama ilivyoagizwa. Asubuhi ambayo bima mpya ilitakiwa kuanza, alifungua ukurasa wake. Kijani. Mtu mwingine angeweka simu mfukoni akaendelea na maisha. Yeye akapiga simu kampuni ya bima kushukuru.

"Unashukuru nini, mama?" aliuliza karani.

"Kwa kunihuishia. Nimeona kijani."

Ikasikika sauti ya vitufe. "Mama, wewe kwetu huna bima. Ya zamani imekwisha. Mpya iko kwenye uhakiki."

"Lakini kwenye tovuti ninayo."

"Kwenye tovuti unayo," karani alikubali bila ubishi. "Kwetu huna."

"Sasa fundi wangu akianguka leo?"

"Asianguke, mama."

Alipouliza kwa nini Mamlaka hawajaambiwa, karani alimweleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kusoma saa. Kampuni ikiifuta bima ya mtu, inatuma taarifa Mamlaka, na ukurasa unageuka mwekundu. Ya kwake haikufutwa. Imekwisha tu.

"Kufuta ndiko kunakotumiwa taarifa. Kwisha hakutumiwi. Kwisha kunajulikana."

"Kunajulikana na nani?"

"Na sisi, mama. Na sasa na wewe."

Mama Kenchi alikaa juu ya rundo la mabati. Mafundi walikuwa wamejipanga chini ya ngazi, wamefunga mikanda ya usalama, wanasubiri swali lao. Aliitazama simu tena. Kijani kilikuwa kizuri, kimekolea, na kilimkumbusha kitu; ikamchukua muda kutambua kwamba ni ile rangi ya bluu ubavuni mwa gari.

"Leo hakuna kupanda," alisema. "Kuna upepo."

Babu Misumari alinyoosha kidole juu, akakigeuza huku na huku. Hakukuwa na upepo wa kuzima kiberiti. Lakini bosi ni bosi, wakashinda wakipanga mbao zilizokwishapangwa.

Kesho yake alisema mabati yana kasoro, anataka kuyakagua.

"Mama, mabati haya yamekaguliwa mpaka yanaona haya," alisema Babu Misumari.

Paka, aliyekuwa hatua chache tu kutoka hapo, akamwinamia mzee sikioni kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Mwambie mama, nimeangalia kwenye simu. Leseni iko kijani, bima iko kijani. Kama kuna neno, atuambie."

Neno lilikuwepo. Mama Kenchi alilipima. Kulisema kulimaanisha kusimama mbele ya mafundi wake na kuwa mwajiri asiye na bima, yeye, katika watu wote. Na wakijua wataondoka, daktari wa zahanati naye atamfukuza, na binti yake atakula nini na mumewe hana kazi. Kutolisema kulimaanisha Paka atapanda. Usingizi ulimkimbia. Alipofumba macho aliona kitanda karibu na dirisha, na aliyelala juu yake alikuwa na sura ya mkwe wake.

Daktari aliyeongoza zahanati alikuja kwa miguu yake, koti lake jeupe lina matone ya dawa. Alikuwa mwanamke mpole aliyechoka, na watu wapole waliochoka wakikasirika hawana breki.

"Mama, wagonjwa wangu wamelala chini ya turubai. Nimekutafuta kwenye tovuti. Leseni hai, bima hai. Sasa kilichokufa ni nini?"

"Nipe siku kidogo, daktari."

"Mvua haitakupa. Kuna yule Chapchap, naye ni kijani. Usiponiezekea wewe, namwita yeye."

Chapchap alikuwa mkandarasi wa mtaa wa pili. Jina hilo alipewa na wateja waliomsifu, na likabaki na majirani waliokuwa wakiokota mabati yake baada ya dhoruba.

Hapo Mama Kenchi akafanya jambo ambalo ni yeye tu angelifanya. Aliamua kwamba kama ukurasa ungekuwa mwekundu, ungesema kwa niaba yake lile neno lililomshinda. Daktari angeona, mafundi wangeona, na hakuna ambaye angepanda. Akaingia kwenye tovuti kutafuta mahali pa kusahihisha. Hapakuwepo. Kulikuwa na kitufe kimoja tu: Ripoti Mkandarasi. Akakibonyeza. Penye jina la anayelalamikiwa akajiandika. Penye jina la mlalamikaji akajiandika. Penye maelezo akaandika kwamba mkandarasi huyu hana bima na anaonekana anayo. Mfumo haukuona ajabu.

Simu ikalia kiganjani mwake. Mpendwa mlalamikaji, tunakushukuru kwa uzalendo wako. Jina lako litalindwa. Kabla hajaiweka chini ikalia tena. Mpendwa mkandarasi, umelalamikiwa. Kwa mujibu wa kanuni hatuwezi kukutajia aliyekulalamikia.

Asubuhi ukurasa ulikuwa kijani vilevile. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na kitu kipya. Malalamiko: 1.

Kiwanjani hapakukalika. "Ni Chapchap," alisema Babu Misumari, na kwa mara ya kwanza alitoa misumari mdomoni ili aseme vizuri. "Nani mwingine? Mtu na akili zake timamu atamlalamikia mama huyu? Nikimjua, mama, nikimjua tu, nitampigilia viatu sakafuni akiwa amevivaa."

"Achana naye, babu," alisema Mama Kenchi kwa sauti ndogo.

"Siachani naye! Mnafiki mkubwa! Hana hata aibu!"

Mama Kenchi akainama kutazama viatu vyake.

Siku hiyo alivaa gauni la kanisani akaenda ofisi za Mamlaka. Alipita mlango wenye maandishi ya kiganja, akakaa kwenye benchi, akaitwa. Ofisa alikuwa kijana nadhifu mwenye kompyuta iliyogeuziwa upande wake.

"Uko kijani," alisema baada ya kutazama. "Hongera. Shida iko wapi?"

"Nataka uniweke nyekundu, mwanangu."

Ofisa aliinua macho. "Watu huja hapa kulia watolewe kwenye nyekundu, mama. Wengine huja na wachungaji. Kuingia, hatuna utaratibu wake."

"Lakini sina bima."

"Hapa unayo."

"Mimi mwenyewe ndiye nakuambia sina."

"Mama," alisema ofisa, na alikuwa na huruma ya kweli, "sisi hatuwezi kuanza kuamini wakandarasi. Ndiyo maana tukaweka tovuti."

Simu ilipolia alidhani ni karani wa bima. Alikuwa binti yake, na alikuwa na furaha.

"Mama, usimkasirikie. Daktari amemwita Chapchap aanze kesho. Mume wangu amesema haiwezekani mama anyang'anywe kazi yeye akiwa anatazama. Wamepanda. Anasema ukirudi utakuta bati limekaa."

Kilichofuata Mama Kenchi hakukikumbuka sawasawa baadaye. Alikumbuka kwamba alikodi pikipiki, kitu alichokuwa ameapa kutokifanya maishani. Alikumbuka pia miti ya barabarani. Yote ilikuwa imeinama. Upepo aliowadanganya nao mafundi ulikuwa umefika, umechelewa siku chache tu.

Aliwaona kutoka mbali. Mafundi wawili walikuwa pembeni mwa paa, wameshikilia mbao. Paka alikuwa juu kabisa, kwenye mgongo, anatembea na bati mikononi, na bati linapiga kama mlango usio na komeo. Kamba ya mkanda wake ilikuwa inaning'inia nyuma yake, haijafungwa mahali. Alikuwa ameifungua ili apite haraka. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka.

"Babu," alisema Mama Kenchi akihema, "mwambie ashuke."

Babu Misumari akapaza sauti, pamoja na matusi yake. Juu, Paka akacheka, akapunga mkono. Mkono huo ulikuwa ndio unaoshika bati.

Ndipo Mama Kenchi akapaza sauti mwenyewe, na hakumwita baba wala mkwe.

"Paka! Wewe! Shuka! Hatuna bima! Imekwisha! Hicho kijani ni uongo, na aliyelalamika ni mimi!"

Mvua ikakolea. Babu Misumari alifungua mdomo, na misumari ikaanguka mmoja mmoja kwenye matope. Daktari, aliyekuwa amesimama barazani na mwavuli, aliushusha. Wale mafundi wawili wakashuka mbiombio bila kuambiwa mara ya pili.

Paka alibaki. Alililaza bati polepole, akalikandamiza kwa goti, akatambaa. Kutambaa kwa Paka kulikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akaifikia ngazi, akageuka, akashuka kidogo, kisha akasimama. Vidole vyake vilikuwa vimeuzunguka mti wa ngazi mpaka vimebadilika rangi. Ngazi ile alikuwa ameipanda maisha yake yote akipiga mluzi. Hakuwahi kuwa juu yake akijua kwamba chini hakuna kitu.

"Siwezi, mama," alisema, na sauti haikuwa yake.

Mama Kenchi aliikumbatia ngazi kwa chini, uso kwenye mbao iliyolowa.

"Nani anakusubiri nyumbani?"

"Kuna mtu, mama."

"Mtaje!"

Paka akaegemeza paji la uso kwenye ngazi. "Binti yako, mama."

"Basi shusha mguu wa kulia. Nani mwingine?"

"Mwanangu."

"Wa kushoto. Na nani?"

Paka akaushusha.

"Kuna mwingine. Bado hajazaliwa. Tulitaka tukuambie Jumapili, mama, tukija kwa heshima."

Ndivyo alivyopata habari ya mjukuu wa pili. "Wa kulia," alisema.

Alipogusa ardhi, Paka alikaa kwenye matope, na mama mkwe akakaa kando yake, jambo lisilofaa hata kidogo, na gauni la kanisani likawa si la kanisani tena.

Daktari alimfukuza Mama Kenchi kesho yake, kwa masikitiko. "Ungeniambia mapema, mama."

"Ungefanyaje, daktari?"

Daktari alifikiri kwa uaminifu. "Ningemwita Chapchap mapema."

Chapchap alikuja na watu wengi na redio. Mafundi wa Mama Kenchi walikuwa hawana kazi, kwa hiyo akawachukua. Babu Misumari alikwenda kwa kusaga meno, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anasubiri kweli. Paka alikwenda pia. Alikuja kwanza kumuaga mama mkwe, wakasimama mlangoni kila mmoja akitazama upande wake.

"Nimemwangalia kwenye simu, mama," alisema. "Ni kijani."

"Nami nimemwangalia, baba," alisema Mama Kenchi.

Kuanzia siku ile, kila asubuhi mwanamke mmoja alionekana amesimama ng'ambo ya barabara, mkabala na zahanati, amejifunika khanga mabegani ingawa hapakuwa na baridi. Kwa Chapchap hakuna aliyeuliza mtu chochote chini ya ngazi. Walipanda tu, redio inaimba. Ila fundi mmoja kabla ya kupanda alikuwa akisimama kidogo, anageukia barabarani, anainamisha kichwa. Mwanamke wa ng'ambo midomo yake ilicheza. Halafu fundi akafunga kamba yake, akapanda, na mwanamke akabaki pale mpaka watu waliposhuka kula, akaondoka, akarudi walipopanda tena.

Mamlaka haikulala. Mama Kenchi alipokea majibu ya uchunguzi akiwa papo hapo ng'ambo ya barabara, simu ikalia mara mbili kama kawaida yake. Mlalamikaji alijulishwa kwamba maofisa wamefungua ukurasa wa mkandarasi husika na kujiridhisha kwamba ni kijani. Lalamiko lake halina msingi, limefungwa, na anakumbushwa kwamba kuwachafulia watu jina ni kosa. Mkandarasi alipongezwa.

Bima yake mpya ilipitishwa siku ambayo bati la mwisho la zahanati lilipigiliwa na Paka akashuka salama. Karani mwenyewe ndiye aliyempigia kumjulisha. Mama Kenchi akamshukuru, akafungua ukurasa wake kuangalia. Ulikuwa kijani, kama ulivyokuwa.